Mikono Yote ya Kushoto

CHAKI: Haloo? Ni nani?

SHANGAZI: Ni nani, unaniuliza mimi?

CHAKI: Haloo? Namba ngeni hii, na laini inakwaruza. Nani mwenzangu?

SHANGAZI: Mwenzako. Leo mimi nimekuwa mwenzako.

CHAKI: Shangazi?

SHANGAZI: Kumbe sauti unaijua.

CHAKI: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Uko wapi?

CHAKI: Shikamoo, sha—

SHANGAZI: Nimekusikia. Iweke hiyo shikamoo yako, nitaipokea siku nikiona inastahili kupokewa. Nimekuuliza uko wapi.

CHAKI: Niko kazini.

SHANGAZI: Kazini ndiko niliko mimi. Nimesimama kwenye hii meza tangu asubuhi na sikuoni.

CHAKI: Kazini kwangu, shangazi. Huku kupya. Kwani... hii simu ya nani?

SHANGAZI: Ya mpiga pasi. Nimemtajia namba yako kwa kichwa akabonyeza yeye, maana yangu hupokei. Nimepiga, nimepiga. Mwisho kapokea mwanamume.

CHAKI: Mwanamume gani?

SHANGAZI: Hilo nikuulize wewe. Sauti nzito, kama katoka usingizini. Namwambia mpe Chaki simu, ananijibu yeye anauza mkaa. Namwambia sikuuliza unauza nini, mpe Chaki simu. Ananiuliza nataka gunia au nusu gunia.

CHAKI: (anacheka) Shangazi, huyo ni muuza mkaa wa kweli. Wa pale kwenye kona—

SHANGAZI: Usinichekee.

CHAKI: Sicheki. Lakini simu yangu ninayo mkononi tangu niamke, haina simu yako hata moja. Umekosea namba.

SHANGAZI: Namba yako nimeihifadhi, nikosee vipi? Nabonyeza jina tu.

CHAKI: Basi umebonyeza jina la mtu mwingine.

SHANGAZI: Usinifanye mtoto, wewe. Umeniacha kwenye mataa mbele ya watu, halafu mkosaji niwe mimi na simu yangu. Mama Sare kapita mara mbili kwenye meza. Mara ya kwanza kaniuliza, yule mkataji wetu vipi? Nikasema yuko njiani. Mara ya pili hakuuliza, kaangalia saa tu. Ameuinua juu kabisa ule mkono ili nione anaangalia saa. Unajua aibu ilivyo? Mtu mzima mimi, nimesimama natunga uongo kama mtoto wa shule.

CHAKI: Nani alikwambia useme niko njiani?

SHANGAZI: Ningesema nini?

CHAKI: Ungesema ukweli. Kwamba siji.

SHANGAZI: Siji. Unalisema hivyo hivyo, bila hata kumeza mate.

CHAKI: Mbona unashangaa, na mimi nilikwambia?

SHANGAZI: Uliniambia nini? Ulichoniambia mimi ni haya. Hapa hapa karakana, mbele ya mwenye karakana. Mama Sare kakuuliza, binti, utaanza Jumatatu? Ukasema haya.

CHAKI: Nilisema haya. Sikusema ndiyo.

SHANGAZI: Rudia.

CHAKI: Haya si ndiyo, shangazi. Mtu mzima anaongea, unasema haya ili mambo yapite. Na ulikuwa umenikanyaga mguu chini ya meza.

SHANGAZI: Kwa hiyo haya yako haikuwa ya kukubali.

CHAKI: Ilikuwa ya heshima.

SHANGAZI: Basi huna haya. Hii huna, na ile huna.

CHAKI: Shangazi—

SHANGAZI: Nyamaza nikwambie haya yako ilifanya nini. Siku ile nje kwenye benchi alikuwa amekaa mkataji mwingine. Mwanamke mtu mzima, kaja na mkasi wake kaufunga kwenye kipande cha khanga. Mama Sare akatoka akamwambia, samahani mama, nafasi imejaa. Akaubeba mkasi wake akaenda zake. Imejaa nini? Imejaa haya yako.

CHAKI: Si amwite arudi.

SHANGAZI: Kutoka wapi? Mtu mwenye mikono ile hakai kwenye benchi wiki nzima anakusubiri wewe ubadili mawazo. Kashachukuliwa. Na shule iliyoagiza inataka makoti yake kabla hawajafungua. Ahadi ni deni, Chaki. Nimekulea kwa hilo neno.

CHAKI: Deni la nani? Ahadi uliitoa wewe. Wewe ndiye uliyekwenda kwa Mama Sare kuniombea kazi nisiyoiomba. Wewe ukapanga siku, wewe ukapanga na nguo nitakayovaa. Mimi nilivutwa mkono tu.

SHANGAZI: Nilikuvuta kwenye riziki.

CHAKI: Ulinivuta kwenye ncha.

SHANGAZI: Ncha gani?

CHAKI: Unaijua. (mkwaruzo) Ncha ya kitambaa. Tangu sijafika kimo cha meza, wewe unakaa kichwani mwa meza na mkasi, mimi huku mwisho nimeshika ncha. Tandika, vuta, geuza, ita upande wa kitambaa ulio juu. Uso. Uso. Uso. Mpaka nikilala naota naita uso. Nimekwenda chuo, nimerudi na cheti cha kuchora pateni za nguo, na bado unanitafutia kazi ya kushika ncha.

SHANGAZI: Ulikuwa unakuja kukata.

CHAKI: Nikiwa na wewe kichwani? Lini ulinipa mkasi? Sema siku moja tu.

SHANGAZI: Na hao waliokupa mkasi huko ni akina nani? Hebu tuwasikie.

CHAKI: Kiwanda. Wanashona nguo za kazini, za wauguzi, za mafundi, hizo. Hawajanipa mkasi. Kukata inakata mashine.

SHANGAZI: Mashine inakata.

CHAKI: Yenyewe.

SHANGAZI: Na wewe umekwenda kuitazama.

CHAKI: Mimi nachora, inakata nilichochora. Wamenipa meza yangu peke yangu, shangazi. Ina droo. Droo ina ufunguo, na ufunguo huu hapa shingoni mwangu. Nina mkataba, si maneno ya Mama Sare ya tutaonana mwisho wa mwezi. Walinipigia Alhamisi, na niliomba kwao zamani kabla hujanipeleka kwa huyo mama. Nilikaa nikafikiri usiku kucha. Kila nikifikiri najiona mwisho wa meza nimeshika ncha mpaka nazeeka.

SHANGAZI: Nenda. Kaa na droo yako. Ng'ombe akivunjika guu anakumbuka zizi, na mimi hutanikuta hapa nimekufungulia mlango.

CHAKI: Usiniapizie kazi siku ya kwanza.

SHANGAZI: Sijakuapiza, nimekwambia methali. Nikikuapiza utajua. (anashusha sauti) Subiri. Usiongee.

CHAKI: Nini?

SHANGAZI: Nimesema usi— (kimya kirefu, mlango unafungwa) Kapita. Niko stoo, nimejibana huku kwenye majora ya vitambaa. Nimetoka na vipande nilivyokata asubuhi nikasema nakuja kuvihesabu, nipate pa kuongelea na wewe. Mimi, kwenye umri huu, nimejificha stoo.

CHAKI: Mimi niko kwenye ngazi. Wametupa mapumziko mafupi, halafu wananiita. Sikiliza, shangazi. Mimi sikukutosa. Nilikwambia. Alhamisi ile ile nilikuandikia.

SHANGAZI: Uliniandikia nini?

CHAKI: Ujumbe. Mrefu. Kwamba kiwanda kimenipa nafasi, kwamba naomba radhi, na kwamba tafadhali umwambie Mama Sare mapema asije akakosa mtu. Yote nilieleza.

SHANGAZI: Sikupata kitu.

CHAKI: Ulipata.

SHANGAZI: Nakwambia sikupata kitu chochote. Usinitungie.

CHAKI: Ulipata na ukanijibu.

SHANGAZI: Mimi?

CHAKI: Ulinitumia sauti. Ninayo hapa, sijaifuta. Umesema, "Haya mwanangu, nimeipata, haya. Mungu akutangulie." Nililia, unajua? Nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa unifukuze ukoo mzima. Halafu nasikia Mungu akutangulie. Nikamwambia mwenzangu chumbani, ona, shangazi yangu kanibariki. Nikalala usingizi. Sasa leo unanipigia kwa simu ya watu unaniita mwongo.

SHANGAZI: Ile ilikuwa... mimi nilijua umeandika kwamba Jumatatu unakuja.

CHAKI: Ulijuaje nimeandika hivyo?

SHANGAZI: Nilijua tu.

CHAKI: Hukuusoma?

SHANGAZI: Nilikuwa na kazi. Mikono ina chaki, simu inalia, nani ana muda wa kusoma hadithi? Nikasema atakuwa anasema anakuja.

CHAKI: Tangu Alhamisi hukupata muda?

SHANGAZI: Na wewe tangu lini kazi inakataliwa kwa maandishi? Mtu kakulea, kakulaza chini ya hii meza kwenye vipande vya vitambaa, unatafuna chaki zangu mpaka nikakupa jina lake, halafu siku unamvunja moyo unamwandikia? Ulishindwa nini kuja?

CHAKI: Niliogopa.

SHANGAZI: Ulishindwa nini kupiga?

CHAKI: Niliogopa sauti yako, shangazi. Hii hii ninayoisikia sasa.

SHANGAZI: Kitambaa tunakilaza vipi mezani?

CHAKI: Shangazi, tafadhali—

SHANGAZI: Nimekuuliza. Mwenye cheti nijibu. Kitambaa tunakilaza vipi?

CHAKI: Uso kwa uso.

SHANGAZI: Kwa nini?

CHAKI: Ili ukikata mara moja upate jozi. Kulia na kushoto.

SHANGAZI: Na maneno hivyo hivyo. Uso kwa uso. Ukilaza neno lako limenipa mgongo, unategemea nipate nini? Tazama tulichopata. Wewe una haya yako, mimi nina haya yangu, hazivaliki. Hata hivi vipande, vipande nilivyokata peke yangu asubuhi kwa sababu yako, nikivishika—

CHAKI: Haloo? Shangazi, unanisikia? Mtandao umekata?

SHANGAZI: Nakusikia.

CHAKI: Mbona umenyamaza?

SHANGAZI: Hamna. Ngoja.

CHAKI: Kuna mtu kaingia?

SHANGAZI: Nimesema ngoja. (vitambaa vinafunuliwa) Hebu... Hapana. Na huu... Hapana.

CHAKI: Unafanya nini?

SHANGAZI: Naangalia mikono ya makoti. Mzingo wa bega mbele umezama, nyuma umejaa. Huu umezama huku. Na huu huku huku. Huu nao...

CHAKI: Umeshika ya kushoto tupu hapo. Chukua fungu la pili.

SHANGAZI: Hili ndilo la pili.

CHAKI: Basi la kulia liko mezani.

SHANGAZI: Mezani hakuna kitu. Nimekuja na vyote.

CHAKI: Ya kushoto mingapi?

SHANGAZI: Yote.

CHAKI: Yote yote?

SHANGAZI: Yote, Chaki. Mikono yote ya kushoto.

CHAKI: Mungu wangu.

SHANGAZI: Usimwite Mungu, hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kushika ncha. Meza ndefu ile, mtu mmoja unatandika vipi? Nimetandika huku, nimekwenda kule, nimerudi. Hakuna aliyeita.

CHAKI: Umetandika uso juu tabaka zote.

SHANGAZI: Ndivyo inavyoonekana.

CHAKI: Lakini hukuhitaji mtu wa kuita. Kitambaa cha makoti ya ile shule mimi nakijua. Usoni kina mistari ya mshazari, mgongoni hakina. Mtu anakiona akiwa amesimama mlangoni.

SHANGAZI: Ni rangi ya giza.

CHAKI: Hata kikiwa cha giza.

SHANGAZI: Taa ya juu ya meza imekuwa mbovu.

CHAKI: Wiki iliyopita nilikuja hapo. Taa nzima.

SHANGAZI: Imeharibika juzi.

CHAKI: Shangazi. (mkwaruzo) Muuza mkaa.

SHANGAZI: Muuza mkaa amefanya nini?

CHAKI: Namba yangu umeitaja kwa kichwa, mpiga pasi akabonyeza. Ujumbe wangu hukuusoma tangu Alhamisi, umejibu kwa sauti. Siku ile tumekwenda kwa Mama Sare ulinishika mkono kuvuka barabara. Nikajua unanikamata nisikimbie.

SHANGAZI: Nilikuwa nakukamata usikimbie.

CHAKI: Huoni.

SHANGAZI: Naona.

CHAKI: Huoni, shangazi.

SHANGAZI: Naona, nakwambia. Naona mlango, naona dirisha. Nikikutazama nakuona.

CHAKI: Na chaki kwenye kitambaa? Chaki unaiona?

SHANGAZI: Chaki inakuja na kuondoka. Nikipitisha kidole naijua. Kidole changu kina macho kuliko wengi wenu.

CHAKI: Na mkasi? Unakata kwa kidole? Mkono wa pili unaupitisha mbele ya mkasi ule unatafuta mstari? Shangazi, utajikata vidole. Tangu lini?

SHANGAZI: Usinipigie kelele.

CHAKI: Nikupigie nini basi, makofi? Tangu lini?

SHANGAZI: Tangu mvua zile. Nilidhani ni mafua.

CHAKI: Mvua zile! Na Mama Sare anajua?

SHANGAZI: Akijua yeye, kesho mimi niko nyumbani nimekaa nasikiliza redio. Hiyo meza niliikuta mbao tupu. Mimi ndiye niliyeipiga msasa, mimi ndiye niliyemwonyesha Mama Sare kushona kifungo, na leo nitolewe hapa nimeshikwa kiwiko kama mgonjwa? Sitoki. Nilisema Chaki akija, akawa pembeni yangu, yeye ataona, mimi nitajua. Nani angegundua? Wewe ungeita uso, mimi ningekata, kama siku zote.

CHAKI: Kwa hiyo kazi ile haikuwa yangu.

SHANGAZI: Ilikuwa yako pia.

CHAKI: Ulikuwa unanitafutia kazi ya kuwa macho yako, na mimi mwenyewe hukuniambia.

SHANGAZI: Ningekwambia taratibu.

CHAKI: Lini? Nikishazeeka kwenye ncha? Umenitukana nusu saa kwamba nimekuandikia, kwamba sikuja uso kwa uso. Na wewe? Haya macho yako uliniambia uso kwa uso?

SHANGAZI: Salio la watu linaisha.

CHAKI: Liishe. Nijibu.

SHANGAZI: Sikukwambia.

CHAKI: Kwa nini?

SHANGAZI: Nami niliogopa sauti yako. Hii hii.

CHAKI: (analia kidogo) Unajua asubuhi wameniuliza nini hapa? Bima ya matibabu inachukua na mtu mmoja wa familia. Wakaniuliza, unamweka nani? Nimekutaja wewe.

SHANGAZI: Nani kakwambia mimi naumwa?

CHAKI: Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nina hasira.

SHANGAZI: Usininunulie msamaha kwa bima.

CHAKI: Sinunui kitu. Nimekutaja kabla hujanipigia, hata sijui kama umenuna. Na kazi hii siiachi, shangazi. Nakwambia wazi usije ukasema tena hukusikia. Siiachi.

SHANGAZI: Nimesikia.

CHAKI: Na kwa Mama Sare siji kuajiriwa.

SHANGAZI: Nimesikia, si kiziwi. Bado.

CHAKI: Jioni nikitoka nakuja hapo. Kitambaa kimebaki?

SHANGAZI: Jora moja na nusu.

CHAKI: Kinatosha. Ya kushoto tunaiacha, hakuna kilichoharibika. Tunakata ya kulia, makoti yatoke. Ikizidi ya kushoto itangoja oda nyingine ya shule hiyo hiyo. Vipande virudishe mezani, vifunike. Mama Sare akiuliza, mwambie mkataji anakuja jioni.

SHANGAZI: Huo utakuwa uongo wa tatu leo.

CHAKI: Huo ni ukweli. Halafu mimi mwenyewe nitamwambia yaliyobaki, wewe ukiwepo.

SHANGAZI: Humwambii.

CHAKI: Namwambia.

SHANGAZI: Chaki, nakukataza.

CHAKI: Ujikate vidole kwanza ndipo aambiwe? Hapo sikutii. Nipige, ninunie, nisipokelewe shikamoo mwaka mzima, lakini hapo sikutii. Na mkasi usiushike mpaka nije.

SHANGAZI: Mkasi wangu huniambii.

CHAKI: Usiushike. Jioni nakata mimi.

SHANGAZI: Na mimi?

CHAKI: Wewe utashika ncha.

SHANGAZI: (mlio wa salio linaloisha)

CHAKI: Shangazi?

SHANGAZI: Mimi nishike ncha.

CHAKI: Mimi niliishika. Sikufa.

SHANGAZI: Uliipigia kelele sasa hivi kama kidonda, halafu unanipa mimi. (mlio) Na nani atakuwa anaita?

CHAKI: Wewe, kwa kidole. Usoni ile mistari inakwaruza, mgongoni ni laini. Ulinifundisha wewe, gizani, umeme ulipokatika. Umesahau?

SHANGAZI: Sijasahau.

CHAKI: Basi sema haya, nirudi ndani, wananiita.

SHANGAZI: Silisemi tena hilo neno. Limetutosha leo.

CHAKI: Basi sema ndiyo.

SHANGAZI: Bado nina hasira na wewe.

CHAKI: Hata mimi. Sana.

SHANGAZI: (mlio) Mpiga pasi anagonga mlango, anataka simu yake. Sikiliza. Jioni ukija pita mlango wa nyuma, wa mbele watakuwa wamefunga.

CHAKI: Sawa.

SHANGAZI: Na ukifika usisimame mlangoni kimya kama ulivyozoea.

CHAKI: Kwani vipi?

SHANGAZI: Jioni mlangoni kila mtu ni kivuli. Anza na shikamoo. Nijue ni wewe.

CHAKI: Sawa, shangazi.

SHANGAZI: Kwa sauti. Usiinong'one.

CHAKI: Hivi? Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwana— (simu inakatika)